Ndoana Hufuata Kinywa: Vifaa na Mbinu za Uvuvi wa Mshipi katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mwulize mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Ogembo au Keroka maana ya neno 'mshipi', naye bila kusita atakuonyesha ukanda uliomzunguka kiunoni. Mwulize mwenzake wa Lamu au Pemba, naye huenda akafikiria kwanza uzi wa kuvulia samaki. Wote wawili wamesema kweli, na kamusi inawaunga mkono wote wawili. Tofauti yao imetokana na maji waliyoyazoea. Sisi wa nyanda za juu huyakariri maneno kama chubwi, chambo na kurambaza kwa ajili ya mtihani, kisha tunayasahau siku ya pili yake kwa kuwa hatujawahi kuvishika vitu vyenyewe. Ndiyo maana insha zetu hujaa 'fimbo ya uvuvi' na 'kamba ya samaki', ilhali fimbo ni ya mchungaji na kamba ni ya ng'ombe.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa wanafunzi hao wametoka katika maboma yenye bwawa la samaki bondeni, au yaliyo karibu na mto. Samaki wapo, na maneno yapo. Kilichokosekana ni maarifa ya kuviunganisha viwili hivyo.

Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa lugha ya Kiswahili na kwa kuzingatia mazingira ya kaunti za Kisii na Nyamira, namna ya kuchagua na kutumia vifaa vya uvuvi wa mshipi na ndoana. Hoja kuu ni moja: mvuvi huanza kwa kuuchunguza mdomo wa samaki, chakula chake na mahali anapokaa, ndipo achague ndoana, uzito wa chubwi na aina ya chambo. Anayeanzia dukani hurudi nyumbani mikono mitupu. Aidha, tutaona kwamba kanuni hiyo inamhusu hata besi, samaki wa Naivasha ambaye vifaa vyake vimetapakaa duniani, na kwamba kuipuuza kumewahi kuligharimu eneo zima la Ziwa Viktoria.

Maji yetu na wakazi wake

Mto mkuu wa Gusii ni Gucha. Chimbuko lake liko katika vilima vya Nyamira, nao hupita katika Kisii kabla ya kuingia Migori, ambako hujulikana zaidi kwa jina la Kuja, kisha huungana na mto Migori na kumimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Upande wa kaskazini kuna mto Sondu, ambao huko chini huitwa Miriu na ambao pia huishia ziwani. Zaidi ya mito, kuna mabwawa ya kufugia samaki. Mengi yalichimbwa baada ya mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi uliokusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa likiwa na eneo la mita 300 za mraba. Baadhi ya mabwawa hayo yamekauka au yamegeuzwa mashamba ya mboga, lakini mengine yangali na samaki.

Wakazi wa maji haya wanaomhusu mvuvi wa mshipi ni watatu.

Wa kwanza ni perege, ambaye wengi nchini Kenya humwita ngege kwa jina la Kijaluo, na ambaye Mwanza huitwa sato. Mdomo wake ni mdogo. Hula mimea midogo ya majini, wadudu, na pumba anazotupiwa na mfugaji. Hakimezi chakula kwa pupa. Hukivuta mdomoni, hukionja, na akishuku hukitema.

Wa pili ni kambare, au mumi kwa Kijaluo. Huyu ana mdomo mpana, macho madogo na sharubu nane. Wahenga walimtania kwamba katika nyumba ya kambare baba ana ndevu, mama ana ndevu na mtoto ana ndevu. Mvuvi hana budi kulichukulia tani hilo kwa uzito, kwa maana sharubu hizo ndizo zinazomwezesha kambare kutafuta chakula gizani na katika tope kwa kugusa na kuonja.

Wa tatu ni fwani, kama Wajaluo wanavyomwita, samaki mwenye magamba makubwa na nguvu nyingi, anayeishi katika mito inayomimina Ziwa Viktoria, Kuja na Sondu-Miriu zikiwa miongoni mwayo. Yeye hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, mimea na samaki wadogo. Hupenda maji yanayokwenda.

Vifaa

Ufito. Hiki ndicho kijiti kirefu kinachoshikwa mkononi. Kwa bwawa la mita 300 za mraba, mwanzi mkavu wenye urefu wa mita tatu unatosha kabisa. Uchaguliwe ulionyooka, mnene kiasi cha kidole gumba upande wa shina na mwembamba unaopindika upande wa ncha. Kupindika huko ndiko kunakomchosha samaki na kuuzuia mshipi usikatike. Kijiti cha mkaratusi, ingawa hupatikana kila mahali Gusii, ni kizito na humchosha mvuvi kabla ya samaki. Kwa mtoni, ambako samaki anaweza kukimbia mbali, ufito wa dukani wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi ni bora zaidi, kwa sababu humruhusu mvuvi kumwachilia samaki mshipi akimbie nao na kuukunja tena anapochoka.

Mshipi. Mishipi ya siku hizi ni ya nailoni, na kwenye kibunda huandikwa uzito unaoweza kuhimili. Kwa perege, mshipi wa kilo mbili hadi nne unafaa; kwa fwani, kilo tano au zaidi; kwa kambare, kilo kumi na kuendelea. Wanaoanza hupenda mshipi mnene kwa imani kwamba ni salama zaidi. Hata hivyo, perege huuona mshipi mnene katika maji meupe na kuuepuka. Nailoni huchakaa kwa jua na kwa kukwaruzwa na mawe, kwa hiyo kila baada ya safari pitisha vidole kwenye mita ya mwisho, na ukihisi mkwaruzo ikate na kuitupa nyumbani, kamwe si mtoni, maana huwanasa ndege miguuni.

Ndoana. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa nambari za ndoana huenda kinyume na mategemeo. Ndoana nambari 12 ni ndogo kuliko nambari 8, na nambari 8 ni ndogo kuliko nambari 1. Baada ya 1 hesabu hugeuka, na alama ya sifuri huongezwa: 1/0, 2/0, 3/0, na kila inavyopanda ndoana huzidi kuwa kubwa. Kwa perege tumia nambari 8 hadi 12. Kwa fwani, nambari 4 hadi 8. Kwa kambare mkubwa, 1/0 hadi 4/0. Ukimtupia perege ndoana ya kambare, atakula chambo pembeni hadi kiishe na ndoana isimguse. Ukimtupia kambare ndoana ya perege, ataimeza hadi tumboni, au ataikunjua kama waya.

Chubwi. Hiki ni kizito cha kuzamisha chambo. Jadi ni kipande cha risasi, lakini risasi ni sumu, na mtu asiitie mdomoni wala kuiacha majini. Nati ndogo ya baiskeli hufanya kazi hiyo barabara. Chubwi hufungwa sentimita 20 hadi 30 juu ya ndoana. Iwe nyepesi kadiri hali inavyoruhusu, kwa sababu samaki anayehisi mzigo hutema chambo.

Kiboya. Hiki huelea na kumjulisha mvuvi yanayotendeka chini. Kipande cha bua la mtama, gome jepesi au kizibo kinatosha. Kiboya kizuri ni kile ambacho kimebakia kidogo tu kuzama. Kikubwa mno humpa samaki upinzani na kumshtua.

Chambo. Nyungunyungu wa shamba la migomba hupendwa na samaki wote watatu. Perege hupenda pia donge la ugali lililokandwa kwa unga kidogo wa ngano ili lisimomonyoke. Fwani hupenda panzi na, msimu wa mvua, kumbikumbi. Kambare huvutwa na harufu, hivyo utumbo wa kuku humfaa.

Fundo. Vifaa vyote hivi hutegemea fundo moja. Pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoana, uizungushe ncha hiyo mara tano au sita kwenye mshipi wenyewe, uirudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha uipitishe katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lowesha kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto kwa kusuguana na kudhoofika papo hapo. Samaki wengi wanaosimuliwa kwamba 'walikata mshipi' walifungua fundo tu.

Perege wa bwawani

Vitabu vingi vya uvuvi humwusia mvuvi aamke alfajiri. Wasia huo una maana mahali penye joto. Katika mabwawa ya Nyamira na sehemu za juu za Kisii, ambako usiku ni wa baridi, alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa perege. Samaki huyu ni mwenyeji wa maji ya vuguvugu. Hula vizuri katika nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi, na maji yanaposhuka chini ya 20 hamu yake hufifia. Basi mvuvi wa Gusii na angoje jua lipashe maji moto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Atafute pia upande wa bwawa usio na kivuli na wenye kina kifupi, kwa kuwa ndio unaopata joto mapema.

Tupa konzi moja ya pumba mahali pamoja, kisha keti mbali na ukingo na utulie. Kivuli cha mtu kikianguka majini huwatawanya samaki kwa muda mrefu. Chambo kiwe kidogo, kisizidi punje ya harage, na kiifunike ncha ya ndoana. Kiboya kitaanza kutetemeka: huyo ni perege anaonja. Usivute. Kitakapoteleza kando au kuzama kwa mwendo wa utulivu, inua ufito kwa kifundo cha mkono pekee. Anayevuta kwa bega zima huirusha ndoana mtini na kumwacha samaki akishangaa.

Uvuvi huu una faida kwa mfugaji. Mgeni akija na samaki wawili wakihitajika, kuburuta wavu hulitibua tope na kuwasumbua samaki mia kadhaa kwa ajili ya wawili. Ndoana huchukua hao wawili na kuwaacha wengine katika utulivu wao.

Kambare wa usiku na fwani wa mtoni

Kambare hutoka jua linapotua. Kwake kiboya hakina kazi. Chambo na kilale chini. Tumia chubwi nzito kiasi, uache mshipi ukiwa umelegea kidogo, na uushike kati ya vidole. Kambare hukivuta chambo polepole, akitembea nacho. Mpe nafasi ya hatua moja au mbili, kisha kaza. Akishatoka majini, tahadhari na miiba miwili iliyo katika mapezi ya kifuani, kwa maana hudunga na kidonda chake huuma siku nyingi. Mshike kwa kitambaa nyuma ya mapezi hayo. Kumbuka pia kwamba kambare ana kiungo cha kuvutia hewa na anaweza kuishi nje ya maji kwa saa nyingi. Ukimwacha katika ndoo isiyo na kifuniko karibu na nyasi mbichi, atajiendea zake. Ni vyema kumwua mara moja kwa pigo la kichwani kuliko kumwacha ateseke.

Fwani hudai mbinu tofauti. Yeye hukaa nyuma ya jiwe au katika kidimbwi kilicho chini ya maporomoko, akingojea mkondo umletee chakula. Kwa hiyo simama upande wa chini wa mto, tupa chambo juu ya mahali anapokaa, na uache maji yenyewe yakipeleke. Chubwi iwe nyepesi hivi kwamba chambo kinagusa mawe mara kwa mara bila kukwama. Anapokamata, hujitupa mkondoni kwa nguvu. Mwache akimbie huku ufito ukiwa umeinuliwa. Kushindana naye kwa mkono ulionyooka ni kuuaga mshipi.

Ikiwa samaki ni mdogo na unamrudisha majini, lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaomkinga dhidi ya maradhi. Ukikibana kwa koleo kijino kilicho karibu na ncha ya ndoana, ndoana itatoka bila kumrarua.

Besi wa Naivasha

Huenda msomaji aliyewahi kuingia katika duka la vifaa vya uvuvi Nairobi akauliza: mbona ukutani kuna samaki wa plastiki, vyura wa mpira na minyoo ya rangi ya zambarau, ilhali makala haya yanazungumzia ugali na nyungunyungu? Jibu ni kwamba vifaa hivyo vilibuniwa kwa ajili ya samaki mwingine, besi mwenye mdomo mpana. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na angali humo, ingawa karpu, waliogunduliwa ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wamekuwa wengi kumzidi. Duniani, besi mkubwa zaidi katika rekodi ana uzito wa takriban kilo 10. Alivuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, na rekodi hiyo ikafikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Hapa pia kinywa ndicho kinachotuongoza. Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hujificha penye magugu, gogo au kivuli, na kinachopita mbele yake hukinyakua kwa mdomo unaoweza kummeza samaki mzima. Hachunguzi kwa harufu kama kambare. Huona mwendo na kuhisi mtikisiko. Kwa sababu hiyo chambo bandia humdanganya, mradi kiende kama kiumbe hai. Katika Naivasha amekuwa akila sana kamba wa maji baridi, nao pia waliletwa humo mwaka 1970, na ndiyo maana chambo bandia chekundu au cha kahawia kinachodundadunda chini kinamfaa.

Mbinu tatu zinatosha kwa anayeanza. Asubuhi na jioni, maji yakiwa shwari, vuta juu ya uso wa maji chambo kinachoelea, ukisitasita. Besi hupanda kukipiga. Mchana, tumia kibati kinachozunguka na kumetameta, ukikivuta kwa mwendo usiobadilika kando ya magugu. Penye magugu mengi, chukua mnyoo wa mpira, uchomeke ndoana ya 1/0 hadi 3/0 na kuirudishia ncha yake ndani ya mpira ili isinase majani, kisha tanguliza chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki. Uache uzame, uinue kidogo, uuache tena. Besi hukamata unaposhuka, na dalili pekee ni mshipi kusogea kando. Mvuvi wa pwani anayerambaza, yaani anayeburuta ndoana nyuma ya chombo ili kumtamanisha nguru, angeielewa mantiki hii bila kufundishwa. Kwa anayesafiri kwenda Naivasha, tahadhari moja: ziwa hilo lina viboko, na uvuvi wa kuingia majini kwa miguu ni hatari ya kufa.

Je, besi aletwe katika mabwawa ya Gusii? Hapana. Mdomo uo huo unaomfanya apendwe na wavuvi wa burudani ungewamaliza vifaranga wa perege, na siku mvua kubwa itakapolifurisha bwawa atakuwa mtoni. Sangara, ambaye nchini Kenya huitwa mbuta, aliingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na tunajua aina nyingi za furu zilitoweka baada yake. Kuingiza samaki wa kigeni bila idhini ni kinyume cha sheria, na kuna sababu.

Ningu na kosa la wavu

Kuna samaki mmoja ambaye hatukumtaja hapo juu kwa makusudi, kwa kuwa si rahisi kumpata kwa ndoana. Naye ni ningu. Mdomo wake uko chini ya kichwa, na midomo yake hukwaruza ukungu wa kijani kwenye mawe. Hana haja na nyungunyungu. Mvua za masika zinapojaza mito, ningu huacha ziwa na kupanda mitoni kutaga mayai, Kuja na Sondu-Miriu zikiwa miongoni mwa njia zake.

Hapo zamani watu wa ziwani walimvua kwa mitego ya kusukwa. Nyavu za kunasia matamvua zililetwa katika upande wa Kenya wa ziwa mwaka 1905. Baadaye nyavu hizo zilipotandwa kwenye vinywa vya mito, ziliwazuia ningu waliojaa mayai wasipande. Kila jike aliyenaswa alikufa na kizazi chake tumboni. Kufikia miaka ya 1960, uvuvi wa ningu uliokuwa mkubwa ulikuwa umeporomoka.

Leo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo Kegati, katika kaunti ya Kisii, ambako watafiti wamefanya kazi ya kuwazalisha ningu na fwani kwa ajili ya ufugaji. Ni jambo la kutia moyo kwamba juhudi za kumrejesha samaki wa ziwani zinafanyika juu vilimani kwetu. Lakini kazi ya kituo haiwezi kufidia wavu unaofunga mto mzima, wala sumu inayomwagwa majini, wala udongo unaoporomoka kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni na kuyafunika mawe ambayo ningu hula juu yake. Udongo wa Gusii huishia Kuja. Mwenye shamba kandokando ya Gucha ni jirani wa ningu hata kama hajawahi kumwona.

Usalama na sheria

Mambo manne yazingatiwe. Kwanza, radi. Nyanda za Gusii hupata ngurumo nyingi, hasa alasiri, na ufito mrefu uliolowa ni mwaliko kwa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, laza ufito chini, ondoka majini, na usijikinge chini ya mti. Pili, Gucha hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali vilimani. Maji yakibadilika rangi au yakianza kuleta majani na vijiti, panda juu mara moja. Tatu, mashimo ya kufyatulia matofali yaliyojaa maji yana kuta za utelezi, na watoto wasiachwe wavue huko peke yao. Nne, uvuvi nchini Kenya unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kabla ya kuvua mtoni au ziwani, pita katika ofisi ya uvuvi ya kaunti uulizie leseni. Bwawa la jirani nalo lina mwenyewe, na hodi haijawahi kumdhuru mtu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mdomo mdogo wa perege ndio uliotupa ndoana nambari 10, sharubu za kambare zikatupa utumbo wa kuku, mkondo wa fwani ukatupa chubwi nyepesi, na mdomo mpana wa besi ukatupa mnyoo wa mpira. Tumeona vilevile kwamba wavu haukujali mdomo wa yeyote, na ningu akalipa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna faida ya ziada. Maneno yaliyotumika humu, yaani ufito, mshipi, chubwi, kiboya na chambo, hayakuhitaji kuundwa upya. Watu wa pwani waliyaunda zamani kwa mahitaji ya kazi yao. Anayetoka bara anaweza kuyamiliki kwa njia iyo hiyo. Likizo ijayo, mwanachama mwenzangu, kata mwanzi, nunua mita chache za mshipi na ndoana tatu nambari 10, chimba nyungunyungu chini ya mgomba, na uombe ruhusa ya mwenye bwawa. Keti saa tano za mchana upande wenye jua. Kiboya kitakapoteleza kando, hutahitaji kamusi ikueleze chubwi ni nini.